Baba Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Tulipokwenda Matema kumchukua baba mkwe wangu atibiwe macho, aliyekuwa aendeshe gari ni mume wangu. Tulipanga kumleta mzee kwetu Dodoma taratibu, tukilala Makambako njiani. Lakini jioni ya kuamkia safari, mume wangu alikwenda kumsaidia binamu yake kuvuta ufukweni mtumbwi uliotoka Ikombe, akateleza kwenye mawe na kuvunjika mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali amefungwa hogo, uso umemshuka.

"Itabidi uendeshe wewe," aliniambia.

Barabara sikuiogopa. Gari lile nililizoea, ingawa sikuwahi kulipeleka mbali kiasi hicho. Nilichoogopa ni nani atakaa nyuma yangu.

Mimi nilizaliwa Busale, kwenye mashamba ya mpunga, na kabla sijaolewa mama yangu alinifundisha namna ya kumheshimu baba mkwe. Mkamwana hamtazami mkwe wake usoni. Hasemi naye. Wakikutana njiani, mkamwana anapisha na kugeukia migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, hata kanisani wanapeana mikono, lakini baba mkwe wangu hakuyaacha, nami sikutaka kumvunjia heshima. Tulipomtembelea, kila alipokaribia uani kwake alikohoa kwanza, ili kama nipo nipate nafasi ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Nikipika, chakula kilipelekwa na watoto wa pale nyumbani. Naye akipata samaki mnono, mbasa wa ziwani, aliwatuma watoto haohao waniletee, wakiambiwa waseme tu, "Huyu ni wa mama."

Kwa hiyo tulifahamiana vizuri, ila hatukuwahi kuzungumza. Macho yake yalikuwa yamefifia hata asingeweza kunitambua katikati ya watu, lakini bado aliugeuza uso pembeni nilipopita.

Miadi ya hospitali isingeweza kusogezwa. Asubuhi tulikusanyika penye gari, mzee akiwa na kofia yake na kifurushi cha mchele.

"Mwambie mkeo atundike kitenge nyuma ya viti vya mbele," alimwambia mwanawe. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gari, nasikia kila neno.

"Mwambie baba," nikamwambia mume wangu, "nikitundika kitenge sitaona magari yanayokuja nyuma."

Mume wangu akarudia maneno yangu. Mzee alikuwa ameshayasikia, lakini alingoja yarudiwe.

"Basi mwambie aiache njia ionekane. Mimi nitajua pa kukaa."

Akakaa nyuma ya kiti changu hasa, akashusha kofia, hata kwenye kioo nikawa naona ukingo wake tu. Nikamwomba mume wangu amwambie afunge mkanda. Mzee haoni pa kuchomeka, mume wangu ana mkono mmoja, na wa kushoto. Waliinamiana pale kwa muda mrefu, mimi nimesimama kando nikitazama milima na kutamani kusaidia. Uliposhika, mzee aliupapasa kifuani mara kadhaa kuhakikisha.

Tulipita Ipinda, tukashika barabara kuu na kuanza kupanda. Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha na ukungu umekaa juu ya mashamba ya chai. Niliwasha taa, nikaenda polepole, na magari yenye haraka nikayaacha yapite. Mume wangu alinihesabia kona kwa sauti mpaka nikamwambia anyamaze.

Uyole tulikula. Mume wangu akameza dawa za maumivu, na hatujafika mbali akalala, shingo imeegemea dirisha. Sikutaka kumwamsha. Usiku hakulala kwa ajili ya mkono ule, na mimi sikulala kwa ajili yake, maana kila alipogeuka niliurudisha mkono juu ya mto.

Mteremko wa Inyala niliushuka kwa gia nzito nyuma ya msururu wa malori. Basi moja likatupita likipiga honi, nami nikabaki nyuma ya malori yangu. Hatari ile niliijua, nilikuwa macho. Lakini baada ya pale barabara ikanyooka. Joto la mchana likaingia garini, mashamba ya mpunga tambarare kila upande, na injini inavuma sauti ileile. Nilifungua dirisha. Nilitafuna karanga. Nikajiambia Chimala si mbali.

Nyuma yangu mzee akakohoa. Baadaye kidogo akakohoa tena.

"Mwanangu," akasema.

Nilidhani anamwita mume wangu, lakini mume wangu alikuwa anakoroma.

"Mwanangu, wewe unayeendesha. Simamisha gari."

Sauti hiyo niliijua miaka yote kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwangu haikuwahi kuelekezwa. Nilijibu kabla sijakumbuka kwamba sipaswi kujibu.

"Baba, unaumwa?"

"Mimi ni mzima. Wewe unasinzia."

"Tumekaribia kufika Chimala, baba."

"Gari linalegea, halafu linashtuka. Nimelisikia muda sasa. Nilikohoa nikidhani utaelewa. Nenda polepole, sehemu ya kwanza nzuri usimame."

Kilichonishtua ni kwamba mimi sikujua. Ningeulizwa, ningesema naendesha vizuri. Usingizi wote ukanitoka kwa woga. Mzee hakuniacha na ukimya. Aliniuliza mpunga wa wazazi wangu Busale umetoka vipi, nikamjibu, akauliza tena, akanishika kwa maneno hivyohivyo mpaka tukaona kituo cha mafuta. Nikaegesha pembeni, kivulini, nikazima injini.

"Laza kiti, ulale," akasema. "Mimi nashuka."

Alijifungua mkanda mwenyewe, akatoka akishikilia mlango, akasimama mbele ya gari amenipa mgongo. Wauza karanga walipokuja mbio, nilimwona akiwazuia kwa kiganja kilichoinuliwa.

"Msigonge kioo. Dereva wangu amelala."

Nikalala kweli.

Nilipoamka, alikuwa bado amesimama palepale, kofia mkononi, ameelekea barabarani. Mume wangu alikuwa macho, ananitazama kama mtu aliyeambiwa habari asizoweza kuziamini.

"Baba amesema nawe?"

"Amesema."

Alifuta macho kwa mkono wake mzima, kisha akashuka kumwongoza baba yake arudi garini.

"Mama yenu angekuwa hai," mzee alisema akitafuta kiti kwa mikono, "angenigombeza kwa kuchelewa kusema."

"Ndaga, baba," nilisema, nikishukuru kwa lugha yetu.

"Ndaga, mwanangu. Twende. Ukichoka, sema. Usingoje mimi nisikie."

Tuliingia Makambako jua halijazama, tukatafuta nyumba ya wageni na kulala mapema. Kesho yake tulipita Iringa na Mtera tukisimama kila nilipotaka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Macho yalitibiwa vizuri. Kule nyumbani kwetu mzee alirudia desturi yake: nikiingia na uji anageukia ukutani, nami naweka bakuli na kutoka. Sikuona ubaya. Lakini kila tulipoingia garini kwenda kliniki alizungumza nami kama baba yangu mzazi, tukirudi na kufungua geti ananyamaza.

Siku ya kumrudisha Matema mkono wa mume wangu ulikuwa umepona, akashika usukani yeye. Mzee alikaa nyuma, kofia imepanda juu ya paji la uso, anatazama nje tangu Dodoma. Tulipokuwa tunakaribia Igawa aliita, "Mwanangu."

Tukaitika wote wawili.

"Pale wameandika hamsini," akasema. Mume wangu akapunguza mwendo.