Masikio ya Msagaji wa Itetemia

Siku moja kabla ya kufa, mama aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kando ya mashine ya kusaga nafaka pale Itetemia aliwasikiliza wanakwaya waliokuja kumwimbia kitandani, akainua kidole kuwanyamazisha, akasema, "Sauti ya pili, mnashuka. Rudieni." Wakarudia. Tumemzika wiki iliyopita. Wengi wa kazi yake huaga dunia wakiwa nusu viziwi, wakijibu swali ambalo hukuwauliza. Yeye ameondoka anasikia, na naomba wasomaji wangu waniruhusu niuite huo ushindi.

Nilimfahamu wakati wa mgao wa umeme. Nilikwenda kuandika habari ya foleni za ndoo za mahindi, nikakuta ugomvi. Umeme ulikuwa ukikatika mchana mara kwa mara na kurudi usiku, kwa hiyo mwenye mashine, mdogo wa marehemu mume wake, akaamua kazi ihamie usiku. Mama alijaribu kwa muda, kisha akagoma. Alinieleza kwamba akisaga mchana, mvumo masikioni huisha kabla ya chakula cha jioni. Akisaga usiku, huamka nao na kwenda nao mpaka kwenye mazoezi ya kwaya ya parokia. Huko yeye ndiye aliyewapa wenzake sauti ya kuanzia, na Jumapili moja aliitoa juu mno hata wanaume wakakohoa badala ya kuimba. Hapo ndipo alipoogopa. Alikwishampoteza mume, hakuwa tayari kuipoteza na kwaya.

Mwenye mashine akamcheka mbele ya wateja. "Kwani masikio nayo yana saa, shemeji?"

"Ya kwako hayana," mama akamjibu, "kwa sababu huyatumii."

Foleni nzima iliangua kicheko, nami nikiwemo. Lakini kicheko hakibadilishi ratiba ya kazi. Kilichoibadilisha ni wanakwaya, ambao walikuwa karibu nusu ya wateja wa pale, walipokubaliana kutopeleka mahindi usiku. Mashine iliwashwa, ndoo hazikuja. Shemeji yake alivumilia siku chache, kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa mama, akamsalimia kwa adabu iliyokuwa imemtoka siku nyingi, akamuuliza anataka nini. Alitaka asage mchana tu, umeme unapokuwepo. Ukuta wa matofali kati ya mota na mahali anaposimama. Na vikinga masikio vya kuvaa kichwani. Alipata vyote.

Mji wetu ulikuzwa na wapagazi waliobeba mizigo alfajiri na kuitua jua lilipokuwa kali, kwa kuwa waliujua mwili na nyakati zake. Leo tunapanga kazi kwa kufuata umeme na matakwa ya tajiri, kana kwamba mwili ni kibarua asiye na la kusema. Nilipomsimulia daktari mmoja wa masikio kisa hiki, aliniambia kwamba sikio kweli lina saa yake, na kwamba wanasayansi waliowapigia panya kelele ileile mchana na usiku waliona wale wa usiku wakidhurika zaidi. Nikashangilia mapema mno. Akanikumbusha kwamba panya hulala mchana. Usiku ndio wakati wake wa kazi. Kwa binadamu huenda mambo yakawa kinyume, na huenda yasiwe. Yeye angeanza kwa kuusifu ule ukuta na vile vikinga.

Mimi ninasifu vyote, na zaidi ninamsifu mtu aliyeusikiliza mwili wake mapema, akasema, akasimama kwenye neno lake mpaka akasikilizwa. Kelele hulila sikio kidogo kidogo. Anayengoja uthibitisho kamili huenda ukifika asiusikie.

Mashine sasa inaendeshwa na binti yake. Tulipokuwa tunatoka makaburini alinivuta pembeni, kwa kuwa nilikwishamsimulia maneno ya daktari, akaniuliza kama basi mchana ndio wenye hatari, na kama mama yake alishinda kwa kubahatisha. Nilimwambia avae vikinga, asiruhusu ukuta ubomolewe, nami nitauliza tena. Nimeuliza. Ni saa ipi sikio la mtu huwa dhaifu zaidi, daktari hajui, na bado hajakutana na anayejua.