Marejea ya Shamba la Mama

Marejea ni mmea wa jamii ya kunde. Kwetu, upande wa Kharumwa, huota wenyewe mlimani, na mvua zikikolea hutoa maua ya njano yasiyo na kazi yoyote ila kupendeza. Ndivyo nilivyodhani, hadi bwana shamba alipomwambia mama kwamba ukiyafukia yanapoanza kuchanua, udongo uliochoka hupata nguvu. Shamba lake la mahindi lilikuwa limechoka, na ndilo lililokuwa likitulisha. Basi tulipanda mlimani, mama, baba na mimi, tukachuma maganda makavu, na mvua za kwanza ziliponyesha baba mwenyewe akazisia mbegu.

Shida ni kwamba mlima huohuo, miaka ile ya tisini, ulikuwa umetoa dhahabu. Wachimbaji walishajiaminisha kuwa ua lile la njano halioti ila juu ya dhahabu. Kwa hiyo shamba la mama lilipochanua lote, walikuja na sururu zao, wakasimama pembeni wakilitazama kwa heshima ambayo hata kanisani sijaiona.

Mama aliwaeleza kwa upole kwamba maua yale yalipandwa. Wakacheka. Kiongozi wao, akimwita mama kwa Kisukuma, akamwambia, "Mayu, ua hili haliongopi." Kisha wakamwahidi baba mgawo katika kila duara, yaani kila shimo watakalochimba. Mama akamgeukia baba ili awaambie ukweli. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nani angejua kuliko yeye?

Baba aliliangalia shamba kwa muda.

"Kupanda tulipanda, mama watoto," akasema. "Lakini mbona yameshika namna hii?"

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia baba siku ile. Mama alichukua jembe akaanza kuyakata maua na kuyafukia, mstari baada ya mstari, kwa sababu wakati wa kazi hiyo ulikuwa umefika, huku wachimbaji wakianza upande wa pili. Walimfikia kabla hajamaliza. Hawakupata kitu, wakahama, wakatuachia maduara wazi shamba zima.

Msimu uliofuata, kwa mara ya kwanza, tulinunua mahindi Kahama. Baba alilibeba gunia begani kutoka kituo cha basi, akazunguka njia ndefu ili asipite kando ya shamba.