Santuri Niliyoiweka ya Kwanza

Mashoga zangu, leo nimeumbuka kwa jirani yangu Bi Saumu!

Tulikuwa kwake na wenzetu, tunazipanga santuri za mwimbaji wetu, ipi bora kuliko zote.

Nikashikilia ile yenye wimbo wa asumini. Humo, nikawaambia, anaimba mtu mzima, sauti nzito, ameshaona mengi.

"Asumini?" Bi Saumu akashangaa. "Si ndiyo ya mwanzo kabisa, aliyoiimba akiwa kigoli?"

Akaitia gramafoni yake ufunguo mpaka mwisho, akaipiga.

Lo! Kasauti kembamba, kanakimbia!

Kumbe gramafoni yangu springi imelegea, inazungusha santuri polepole, miaka yote namzeesha mtoto wa watu.

Wamenicheka, wee!

Nimerudi nyumbani nikaipiga tena. Akaimba yule yule mtu mzima wangu. Tangu hapo nakaa, nainuka.

Mume wangu kashamwita fundi, kesho anakuja kubadili springi.

Hebu niambieni, nimfungulie mlango?