Nilijifunza Mwenyewe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyorudi Kibera na medali shingoni, kifua mbele, nikidhani nitabebwa mabegani. Nilikuwa bingwa mpya wa taifa wa kurusha tufe. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mutua, fundi wa vyuma.

Mzee huyu ndiye aliyenitengenezea tufe langu la kwanza. Aliyeyusha vyuma vikuukuu, akamimina, akalisugua kwa tupa, na kila mara akalipeleka buchari kulipima kwenye mizani ya nyama mpaka likafika kilo saba na robo. Wateja walimcheka sana. Kisha kila jioni aliacha kazi yake, akasimama uwanjani kunipigia kelele, "Mguu! Mguu umetoka nje ya duara!" Mimi sikuwa na baba. Yeye ndiye aliyenifokea kama baba.

Sasa, baada ya ule ushindi, mtangazaji wa redio aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Nilitaka kuonekana mtu wa ajabu, mjinga mimi. Nikasema, "Nilijifunza mwenyewe." Sikujua kwamba mzee alikuwa amefunga kazi, akaita majirani, akawanunulia chai na mandazi, waje wasikie jina lake redioni.

Nilimkuta anagonga jiko. Hakuinua kichwa.

"Mzee, si uone medali?"

"Nimesikia kwa redio," akasema. "Tufe umeweza kubeba. Jina langu ndio limekushinda?"

Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Nikaahidi kurekebisha. Lakini hadithi ya kijana aliyejifunza mwenyewe iliwapendeza watu, magazeti yakaiandika, nami nikashinda tena na tena, na kila mara nikajiambia, ngoja mara ijayo. Nikahamia Kawangware. Siku nilipopata moyo wa kumrudia, niliambiwa mzee alizikwa kwao Machakos mwezi uliopita. Nililia pale pale njiani, jitu zima na misuli yangu yote.

Siku hizi hapa Kawangware, kituo cha Forty-Six, vijana husimamisha boda boda wanisalimie. "Niaje, Bingwa! Maze, huyu buda alijifunza mwenyewe!" Nikiwaambia habari za Mzee Mutua, wanacheka. Wanasema buda, yaani mzee, hana maringo, anapenda tu kuwapa wengine sifa. Ukweli wangu umechelewa mpaka hakuna anayeutaka, na jina linalovuma ni la uongo. Inaniuma, mwanangu, wala sitakuficha.

Kwa hiyo ukifaulu, mtaje aliyekushika mkono. Mtaje kwa jina lake, mbele za watu, angali ana masikio ya kusikia. Usiseme kesho. Mungu akupe ushindi mkubwa kuliko wangu, na siku hiyo akuwekee hai mtu wako wa kumshukuru.