Baiskeli Iliyosimama Mtoni

Mguu wa kushoto wa Verna Demoski ulikuwa na vidole vitatu, na kila asubuhi kabla ya chai alivigusa kimoja kimoja, kama mfuga kuku anayetaka kujua kama mwizi alipita. Viwili vilivyopungua vililiwa na mto. Hivyo ndivyo tusemavyo hapa Kesdala, ingawa mto ulivigandisha tu. Aliyevikata ni daktari wa mjini, mwanamke mpole mwenye mikono ya moto. Daktari huyo alimwambia, "Mama, ukigandisha mguu huu tena sitahangaika na vidole. Nitakata hapa," akapitisha ukucha juu ya kifundo.

Na Verna ndiye dereva wa gari la mafuta ya taa. Hakuna jiko linalowaka Kesdala bila yeye, na klachi ya gari lile ni ngumu kama roho ya mama mkwe. Haikanyagwi na mguu wa mbao.

Mwenye akili angebaki nyumbani afume soksi. Lakini mto ukishaganda, hupita watu wa mbio za baiskeli, baiskeli zenye matairi manene kama magogo, kutoka mjini mpaka pwani ya magharibi, siku na siku juu ya barafu, wanalala kwenye theluji kama mbwa. Mwaka wa kwanza Verna alitoka mlangoni akawacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mwaka wa pili alikuwa mmoja wao. Ugonjwa ule ukikuingia hautoki.

"Huendi," alisema Clyde, mumewe, asubuhi ile akimfungia mizigo kwenye baiskeli.

"Mbona unanifungia mizigo sasa?"

"Nakufungia ili nikikukataza uone nimekukataza kwa upendo."

"We mzee, kaza kamba hiyo."

Clyde akakaza. Halafu akasema taratibu, bila mzaha, "Verna, ule mguu si wako peke yako. Nusu ya kijiji inaota moto juu yake."

Verna alipanda akaenda kiwanja cha ndege, aende mjini mbio zinakoanzia.

Baridi ya mwaka ule msiniulize. Clyde alipiga chafya pale mlangoni, chafya ikaganda hewani, ikaanguka, mbwa akaibeba akaenda kuifukia. Salamu tulizopeana Januari zilikuja kusikika Aprili zilipoyeyuka, na nyingine zilikuwa za watu waliokwisha kugombana.

Sasa, kuna jambo moja linaloogopwa mtoni kuliko mbwa mwitu, nalo ni maji ya juu. Mto unapobanwa na baridi unapasuka mahali, maji yanapanda juu ya barafu na kutulia chini ya theluji, hayaonekani. Unakanyaga nyeupe, unazama mpaka goti. Kwa hiyo tangu babu zetu, anayeyagundua wa kwanza huvunja tawi la msonobari akalichomeka pale, wanaofuata wazunguke. Hata adui yako unamchomekea. Hata mtu aliyekuibia mtego.

Miaka minne nyuma, Rusty Halvorsen wa mjini alikuwa mbele ya Verna. Alitumbukia kwenye maji ya juu, akatoka, akaenda zake. Hakuacha tawi. Verna akaja nyuma yake akiimba. Vidole viwili vikaenda. Tangu siku hiyo hajamsemesha Rusty, na Rusty naye hajawahi kujieleza. Wakikutana kwenye vibanda vya kuota moto vya mbio mmoja hutazama jiko, mwingine dari.

Safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Verna alikuwa anaongoza. Alikuwa amepunguza upepo wa matairi mpaka yakalala kama mashavu ya bibi, yakaishika theluji laini pale wenzake walipokuwa wakisukuma kwa miguu. Adhuhuri moja, jua likiwa limechungulia tu kama mdeni, aliona moshi wa kibanda nyuma ya kona ya mto. Aligeuka. Nyuma, mbali, kulikuwa na kinukta chekundu. Koti la Rusty.

"Leo utanusa moshi wangu," alisema, na hapo hapo gurudumu la mbele likazama.

Alijirusha pembeni, lakini mguu wa kushoto ulishaingia. Maji yalijaa butini. Alijiviringisha kwenye theluji kavu, maana theluji kavu hunyonya maji kama mkate unavyonyonya mchuzi, akajipigapiga, akasimama. Nje suruali ilikuwa tayari ngumu kama ubao. Ndani ya buti mguu uliuma, na baada ya dakika chache ukaacha kuuma. Hapo ndipo alipoogopa. Mguu unaouma ni mguu ulio hai.

Moto ulikuwa nyuma ya kona. Misonobari ya kuvunja tawi ilikuwa ng'ambo, na kuifikia ni kuogelea kwenye theluji ya kifua.

Akaivuta baiskeli majini, akapanda, akakanyaga. Kichwani mlikuwa na sauti moja tu: mwache aonje. Aonje na yeye. Alikwenda kama urefu wa kiwanja cha ndege. Alijiambia anaondoka kwa ajili ya mguu, kwa ajili ya klachi, kwa ajili ya majiko ya watu, na yote hayo yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, kitamu, na utamu ule ndio uliomfanya afunge breki.

Alirudi huku akitukana kila aliyemzaa Rusty.

Tawi hakuwa nalo. Alikuwa na baiskeli. Aliishika usukani, akalizamisha gurudumu la nyuma kwenye tope la maji na theluji, akaishikilia wima kama anavyoshikiliwa ng'ombe wa kuchinjwa. Baridi ilimsaidia kwa mara ya kwanza: alipomaliza kuutukana ukoo wa Halvorsen mpaka kizazi cha tatu, baiskeli ilikuwa nguzo. Aliitikisa, haikutikisika.

Asiye na baiskeli hana mbio. Alijua. Akaanza kutembea.

Njiani, mguu ukaanza kuuma tena. Kwanza kisigino, halafu wayo, kama unachomwa sindano na fundi mlevi. Alilia kwa furaha na machozi yakamganda kopeni. Vidole tu ndivyo vilivyokaa kimya.

Rusty alimkuta mlangoni mwa kibanda akishindwa kufungua kitasa. Rusty mwenyewe alikuwa mkavu toka juu hadi chini.

"Umeegesha vibaya," alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa Verna ndani ya miaka minne.

"Fungua mlango, mjinga wewe."

Ndani hakukuwa na mtu. Mtunza kibanda, aliyewasha jiko, alikuwa ametoka kutafuta kuni. Rusty alimkalisha, akamkata kamba za buti kwa kisu, akauona mguu. Akafungua koti, akapandisha fulana, akajipiga tumbo.

"Weka hapa."

"Heri niuweke kwenye jiko."

"Jikoni utaungua hutajua. Weka hapa, Verna. Halafu nichukie."

Mguu ulimgusa tumboni kama barafu naye akaguna kama mbwa aliyekanyagwa. Wakakaa hivyo, maadui wawili, mguu wa huyu tumboni mwa huyu. Nje walipita wenye baiskeli, mmoja, halafu wawili, wakienda kushinda.

"Unapitwa," alisema Verna.

"Nasikia."

Kuni zikapasuka.

"Mwaka ule," Verna akasema, "hukuweza kuvunja tawi, au hukutaka?"

Rusty alitazama dari, kama kawaida yake. "Mikono ilikuwa imeganda. Nimewaambia watu hivyo. Mke wangu pia nimemwambia." Akaufunika mguu kwa koti. "Lakini mwenyewe sijui. Nimeutafuta ukweli, siupati."

Verna angeweza kumwambia juu ya ule mwendo wa urefu wa kiwanja cha ndege. Hakumwambia. Lakini mguu hakuutoa.

Ndege ilimchukua siku iliyofuata. Daktari alikata kidole kimoja, mguu akauacha. "Bahati yako ulitembea," alimwambia. "Ungeendelea kukaa juu ya baiskeli, damu isingefika."

Barafu ilipovunjika Mei, kijiji kizima kilitoka kutazama. Baiskeli ilipita ikitoka juu ya mto, imesimama wima kwenye kipande chake cha barafu, haikuinama hata kidogo, na watu wa chini ya mto wanaapa kwamba iliingia baharini na samaki samoni amekaa kwenye kiti. Rusty alikuwa amekuja kwa ndege kutoka mjini. Alisimama karibu na Verna, si karibu sana.

"Mwakani?" aliuliza.

"Ukija, uje na matawi."

Rusty alicheka. Verna hakucheka. Alirudi kwenye gari la mafuta, akakanyaga klachi. Mguu, wenye vidole viwili tu sasa, uliteleza. Clyde, aliyekaa pembeni, aligeuza uso akatazama mto. Verna akakanyaga tena, kwa kisigino safari hii, akauma meno, na gari likaondoka kwa kushtuka.