Mbwa Asiyeitika

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio wala kufungua bomba, shangazi yangu husimama mbele ya kizimba cha wageni akiwa na daftari mkononi na kuanza kuita majina. Huita polepole, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto aliyelala mchana. Simba. Popi. Bosi. Jeki. Askari. Baada ya kila jina hunyamaza kidogo na kutazama masikio. Mkia hautazami. Mkia, husema, ni mnafiki, utamchekea hata mwizi. Sikio halijui kudanganya. Sikio likisimama, huchomoa kalamu kwenye kilemba chake na kuliandika jina kwenye kibao cha mlango, na tangu hapo mbwa yule huwa na pa kuanzia.

Wageni ni wale wanaokutwa alfajiri wamefungwa kwenye uzio wa kituo cha kuhifadhi wanyama anakofanya kazi. Zamani watu walikuja mchana, wakajaza fomu: jina la mbwa, umri wake, anachokula, anachoogopa. Kazi zilipoanza kufungwa moja baada ya nyingine, na kodi za vyumba kupanda, fomu zikabaki mezani zinakusanya vumbi. Watu wakawa wanakuja kabla hakujapambazuka, wanafunga kamba, wanaondoka bila kubonyeza kengele. Wengine huacha bakuli. Mmoja aliacha blanketi lililofuliwa na kukunjwa vizuri. Jina haachi mtu. Shangazi anasema ukishaliandika jina lake umekiri kwamba unamjua.

Ndiyo maana ya daftari. Lina majina zaidi ya mia tatu, aliyoyaokota sokoni, kwa majirani, kwa watoto wanaotoka shule. Mna hata Waseme na Hayawahusu, kwa sababu mtu akigombana na jirani humpa mbwa wake jina la namna hiyo ili apate sababu ya kulitamka kwa sauti kubwa kila jioni. Mlinzi wa geti, mtu mrefu asiyeweza kukaa na utani mdomoni, anamwita Karani wa Sensa.

"Karani, umefika nyumba ya ngapi leo?"

"Nimeshapita kwako," shangazi humjibu bila kugeuka. "Niliita, hukuitika."

Mwaka huo nilikuwa nakaa naye. Nilikuwa nimemaliza chuo na nasubiri majibu ya barua za kazi, na barua zilikuwa kama mawe yaliyotupwa kisimani. Asubuhi nilimsindikiza kituoni nikaandike fomu za wanaochukua mbwa, maana mwandiko wangu unasomeka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba jina la kwanza analoita kila siku halimo daftarini. Huanza na Pamba. Husubiri kwa muda mrefu kuliko majina mengine yote, halafu ndipo hufungua ukurasa wa kwanza. Nilikuwa na swali, lakini mimi si mtu wa kuuliza. Nililikalia.

Kituo kilijengwa kwa mbwa arobaini. Wakati ninaoueleza walikuwa mia moja na kumi na wawili, vizimba vya wawili wawili vikilaza watano, na paka wamehamishiwa kwenye chumba cha mafaili. Msimamizi, ambaye watu wanasema zamani alikuwa mcheshi, siku hizo alitembea mikono nyuma kama mtu aliyeko msibani. Alituita akasema kwamba uzio haukatai mtu, kwa hiyo nafasi itabidi itoke ndani. Mbwa atakayefikisha siku thelathini bila kupata wa kumchukua, daktari wa mifugo atamjia na mkoba wake wa sindano siku ya Ijumaa. Aliyasema hayo akitazama sakafu, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa sote tulikuwa tumeiona sakafu hiyo haina pa kukanyaga.

Mbwa wa kahawia alikuwa katika siku ya ishirini na saba.

Alikuwa mkubwa, mguu mmoja mweupe kama aliyekanyaga chokaa. Shangazi alikuwa amemsomea daftari zima mara mbili, kuanzia Simba hadi Hayawahusu, na sikio halikutikisika hata mara moja. Watu waliokuja kuchagua walimwita, yeye akaendelea kutazama geti. Mama mmoja mwenye ghala la mbao, aliyekuwa akitafuta mbwa wa kulinda, alimpigia makofi, akambembeleza, mwishowe akasema huyu ni kiziwi na hana kazi naye. Mlinzi aliposikia hivyo aliangusha mfuniko wa ndoo nyuma ya kizimba, mbwa akaruka. Basi si kiziwi. Lakini mama alikuwa keshaondoka.

Jumanne shangazi aliingia stoo kufua kamba. Kila kamba iliyomleta mbwa hutupwa mle kwenye pipa, na hakuna anayeitazama tena. Alitoka na moja, ile aliyoletwa nayo mbwa wa kahawia, akaenda nayo juani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Njoo uone ujinga wangu," aliniambia.

Ilikuwa kamba ya vitambaa, vipande vyembamba vilivyosukwa vitatu vitatu kama nywele: bluu ya sare za shule, bitana ya rangi ya zambarau, pindo la pazia. Shangazi alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha nguo, na kitambaa anakisoma kama mimi ninavyosoma gazeti. Hayo yalikuwa mabaki ya meza ya fundi cherehani. Siku ishirini na saba alikuwa amemuuliza mbwa yeye ni nani, na jibu lilikuwa limelala kwenye pipa.

Jioni hiyo na Jumatano yote tulizunguka kwa mafundi. Vibanda vingi vilikuwa vimefungwa, cherehani zimefunikwa magunia. Fundi wa nne aliisugua kamba kati ya vidole, akasema bluu ile ni ya shule ya mlimani, na aliyekuwa akishona sare zao ni mmoja tu, yule wa karibu na posta. Duka lake lilikuwa limegeuka kuwa la kuuza vocha. Msichana wa vocha alituelekeza kwa binti wa fundi, ghorofa za nyuma ya tangi la maji, mlango wa tatu.

Tulipiga hodi. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Binti alikuwa jikoni, kona yenye jiko na beseni, na watoto wawili walikuwa wanaandika sakafuni. Baba yake alikaa kitandani kando ya cherehani iliyofunikwa shuka. Hakututazama usoni. Aliitazama kamba iliyokuwa mkononi mwa shangazi, akasimama, kisha akakaa tena.

"Yuko hai?"

"Yuko, fundi. Anakula. Ila haitiki."

"Ataitikaje, dada? Hana jina."

Akatueleza. Mbwa aliingia dukani siku moja ya mvua, akalala chini ya meza ya kukatia. Fundi akasema atakaa mpaka mvua ikatike, na mgeni wa mvua humpi jina. Mvua ilikatika, mbwa hakuondoka, na kila mwaka fundi aliona aibu kuanza kumwita leo mtu waliyeishi pamoja tangu jana. Miaka saba. Alipomaliza kazi jioni aligonga mkasi mkubwa mezani mara mbili, na mbwa alijua kwamba sasa wanakwenda nyumbani.

"Mwenye nyumba alisema mbwa au sisi," binti alisema kutoka jikoni, bila kugeuka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Fundi aliinamisha kichwa. Ndipo shangazi aliposema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Sikuja kukuhukumu, fundi. Wa kwangu nilimfunga kwenye uzio uleule. Kiwanda kilipofungwa tulitolewa kwenye nyumba za kampuni, nikapata chumba kama hiki. Alikuwa mweupe, tulimwita Pamba. Nikamfunga, nikakimbia kama mwizi. Nilirudi siku ya nne. Hakuwepo, na kwenye karatasi zao hakukuwa na jina lolote la kutafuta."

Nilitazama daftari la yule mtoto aliyekuwa karibu nami. Alikuwa anaandika herufi ileile mstari mzima. Baba yangu aliwahi kuniambia tu kwamba dada yake alikuwa akienda kituoni kila Jumapili, mwaka mzima, mpaka msimamizi akaona afadhali ampe ufagio kuliko kuendelea kumjibu. Tulikuwa tumecheka.

Fundi alifungua droo ya cherehani akatoa mkasi wa chuma, mzito, umefungwa kwa kitambaa.

"Utakatia nini?" shangazi akamuuliza.

"Ninao mdogo. Huo mdogo mbwa hajui sauti yake."

Shangazi alimwambia njoo umwone, kituo hakiko mbali. Fundi alikataa, akasema mbwa akimwona atadhani amekuja kumchukua.

Alhamisi asubuhi daftari lilibaki mfukoni. Shangazi aligonga mkasi kwenye chuma cha mlango, mara mbili. Kule nyuma ya kizimba masikio yote mawili yalisimama. Mbwa wa kahawia aliinuka, akawapenya wenzake wanne, akaja akaegemeza kichwa kwenye nondo. Kisha akatazama nyuma ya shangazi. Akatazama upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto, akarudia.

Tulimpigia simu mama wa ghala la mbao. Alikuja mchana, akinung'unika kwamba amekatishwa kazi kwa ajili ya kiziwi. Shangazi alimwacha mbwa mwisho kabisa wa uwanja, karibu na matangi, akarudi alipo mama, akagonga mkasi. Mbwa alikuja mbio mpaka miguuni.

"Kwa hiyo kila nikimtaka niwe na mkasi?" mama aliuliza.

"Uwe na mkasi."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza, akasema mume wake mwenyewe huitwa mara tano ndipo aje. Akawachukua wote wawili, mbwa na mkasi, na mbwa aliondoka na kamba yake ya vitambaa, amegeuza shingo. Kwenye fomu, mahali pa jina, shangazi aliniambia niandike: Mkasi, mara mbili.

Ijumaa daktari alikuja. Orodha haikuwa na mbwa wa kahawia, lakini ilikuwa na wengine saba. Shangazi aliwashika mmoja mmoja, na kila mmoja alimwita kwa jina lake hadi mwisho. Jioni tulitembea hadi nyumbani, tukala, tukalala.

Jumamosi asubuhi walikuwapo wanne wapya kwenye uzio, mmoja na bakuli, watatu na kamba tu. Niliwaingiza, nikaweka vibao vitupu milangoni. Shangazi alisimama, daftari bado limefungwa.

"Pamba," aliita.

Akasubiri. Wanne wale walimtazama. Masikio yalikuwa chini.

Miaka tisa ilikuwa imepita tangu amfunge. Mbwa huzeeka haraka, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza.

"Shangazi, na siku sikio likisimama, utampeleka wapi?"

Alichomoa kalamu kwenye kilemba na kufungua ukurasa wa kwanza.

"Pa kumpeleka sina, mwanangu. Chumba ni kilekile. Nataka tu ajue kwamba nilirudi."