Polishi ya Sebuleni kwenye Gari la Damu ya Mzee

Naomba nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mwenyewe wapo watu wa Uru, kwetu huko mlimani, watakaokuja kukiri kwa niaba yangu: ni mimi. Ni mimi niliyewachafua watoto wa kipaimara, pamoja na monsinyori mzima na baba yangu mzazi, asubuhi moja, kabla hata kengele ya misa haijagongwa. Mpaka leo nikipanda kule juu kwenye sherehe, akina mama waliovaa nyeupe wananipa mkono kwa ncha za vidole halafu wanaviangalia vidole vyao. Huwa nacheka nao. Lakini kabla hamjanicheka na nyinyi, lijueni na hili: gari lile lilikuwa linang'aa. Nimepaka magari maisha yangu yote, na sijaona tena gari likang'aa vile.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ambayo ukiingia duka la ushirika unakuta chumvi, viberiti na mwuza duka, basi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafanya kazi Moshi mjini kwenye gereji ya Kalasinga mmoja tuliyemwita Mzee Kartar, mtu wa maneno machache na macho makali, ambaye angeweza kupitisha kiganja juu ya boneti akiwa amefumba macho akakuonyesha mahali ulipokosea kupiga msasa. Nilikuwa kwake mwaka wa tatu. Nilikuwa najua kazi (nasema hivi bila aibu, aibu nimeihifadhi kwa ajili ya mambo yajayo).

Sasa, baba yangu. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, mwenyekiti wa baraza la parokia yetu, na mwenye koti moja la rangi ya maziwa alilolivaa Krismasi, Pasaka na siku za wageni wakubwa. Mimi ndiye niliyetakiwa kubaki na kihamba, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, nikaliacha nikaenda mjini kushika bomba la rangi. Hakunifukuza wala hakunigombeza. Alichofanya ni kibaya zaidi: watu wakimwuliza kijana wako yuko wapi, anajibu, “Yuko Moshi, anaosha magari.” Miaka mitatu mizima! Nilikuwa namletea habari za kazi zangu, anasikiliza, anatikisa kichwa, halafu ananiuliza kama huko ninakoosha magari maji yanatoka. Nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa neno moja tu kutoka kinywani mwake, neno *fundi*, na niliona ni afadhali anitukane kuliko kulibania vile.

Basi parokia ilikuwa na gari, stesheni wagoni kuukuu, rangi imepauka hujui zamani ilikuwa nini, na ikatangazwa kwamba kipaimara cha mwaka ule askofu hataweza kuja ila atamtuma monsinyori, msaidizi wake, na gari ndilo litakalomfuata mjini. Baraza likakaa. Paroko akasema gari lile ni aibu, katekista akasema si kijana wa mwenyekiti yuko gereji? Baba (nilisimuliwa na mama) akasema, “Alipake. Likiharibika nitalipaka mwenyewe kwa chokaa.” Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yangu.

Nililipaka, jamani. Rangi tuliyoipata ilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea mpaka inaelekea kwenye weusi, na Mzee Kartar aliniachia kazi yote peke yangu. Nilipiga msasa wa maji mpaka vidole vikakunjamana, nikapiga rangi mikono mitatu, nikaiacha ikauke vizuri, nikaisawazisha. Ikabaki polishi ya kumalizia. Hapo ndipo Mzee Kartar alipofungua kabati lake, akanikabidhi kopo dogo lenye polishi nyeupe ya magari, ya kutoka nje, ya zamani, imebaki unene wa kidole na imekauka kama jibini.

“Hii chukua kidogo-kidogo,” akaniambia. “Pasha moto na mkono, sugua polepole, siku nzima. Na sikiliza wewe kijana. Polishi ya kumalizia haina rangi yake. Rangi iko chini, polishi iko juu, kila mtu nyumbani kwake. Mwisho chukua kitambaa cheupe, futa. Kitambaa kikibaki cheupe, peleka gari. Kikichafuka, bado.”

Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kama mtu anayesikia.

Jumamosi nikawa parokiani na gari, chini ya kivuli, nasugua. Saa nne nzima nasugua, nimemaliza milango miwili tu, na mng'ao wenyewe ulikuwa wa kistaarabu mno. Ulikuwa mzuri, sikatai, ila ni mng'ao wa kuonwa na fundi mwenzako. Mimi nilitaka mng'ao wa kuonwa na baba yangu, mtu ambaye hajawahi kusogelea gari ila la kupakia kahawa. Mchana nikaenda nyumbani kula. Nafika mlangoni, namkuta mama amepiga magoti sebuleni.

Nyinyi mliokulia kule mnajua. Sebule ya simenti, imepakwa nyekundu, na siku ya wageni inapigwa polishi nyekundu ya sakafu kutoka kwenye kopo, halafu inasuguliwa kwa kipande cha blanketi mpaka mgeni anaogopa kukanyaga. Sebule ya mama ilikuwa na sifa vijiji vitatu. Nilisimama pale mlangoni nikajiona mwenyewe sakafuni, na meno yangu, na ndizi zilizoning'inia dirishani nyuma yangu, na baba amekaa kitini anaitazama ile sakafu kwa fahari, anasema, “Mama yenu ana mkono.”

Mama yenu ana mkono! Mimi mwanaye nimesugua milango miwili toka asubuhi.

Na hapo ndipo uamuzi wangu mdogo ulipofanyika, kati ya bakuli la mtori na kikombe cha maji. Nilijiambia: nta ni nta. Hii ni nyekundu, na gari ni jekundu. Itaziba hata vile vikwaruzo vidogo. Mama alipoingia jikoni nikachukua kopo (lilikuwa bado nusu) na kile kipande cha blanketi, nikaondoka kwa kasi ya mwizi wa kuku.

Kufika jioni nilikuwa nimemaliza gari zima, na ile milango miwili pia, juu ya ile polishi nyeupe. Sijui niseme nini. Kengele ya kanisa ilionekana ndani ya boneti. Masista waliokuwa wanapita walisimama, mmoja akarekebisha kitambaa chake cha kichwa mbele ya mlango wa nyuma. Ni kweli kitambaa changu kilikuwa chekundu tii, lakini nikajiambia rangi mpya huwa inaacha kidogo, jambo ambalo ni kweli pia, na hakuna uongo mtamu kama ule wenye ukweli ndani yake. Kile kitambaa cheupe cha kufutia mwisho sikukitoa hata mfukoni.

Jumapili kukawa na ukungu na baridi, na nta ikatulia kama ilizaliwa pale. Dereva akashuka mjini, saa nne kasorobo akarudi na monsinyori, mzee mnene mwenye uso wa kucheka, amevaa kanzu nyeupe. Watu wakapiga vigelegele, na nadhani nusu vilikuwa vya gari. Baba, ndani ya koti lake la maziwa, alifungua mlango mwenyewe. Monsinyori akashuka, akapokewa, akaenda kusalimiana na wazee, na baba akabaki. Ndugu zangu, baba yangu aliliegemea lile gari. Aliliegemea kwa mgongo, mikono nyuma, kama mtu aliyeegemea nyumba yake, na mtu mmoja akamwuliza gari limepakwa wapi, akajibu kwa sauti ya kusikika, “Hapa hapa kwetu.” Nikavimba kichwa nikiwa nimesimama karibu na ukuta wa sakristia, chumba cha kuvalia mapadri.

Ndipo ukungu ulipofunguka. Jua la kule juu likiamua kutoka halitoi taarifa. Likapiga gari sawasawa, na nta ya mama yangu, iliyozoea kukaa kivulini chini ya makochi, ikaanza kulainika.

Watoto wa kipaimara walikuwa wanapangwa foleni, zaidi ya hamsini, wasichana magauni meupe, wavulana mashati meupe, na foleni ilipita ubavuni mwa gari. Mtoto gani anapita mbele ya kioo bila kujiangalia? Walijiangalia. Wakashika. Wakabandika viganja waone kama vitatokea upande wa pili, halafu, kwa kuwa ni watoto, wakajifuta.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja. “Maee! Mtoto wangu anatoka damu!”

Akamshika mtoto wake, akamfuta kwa kanga, kanga ikabeba wekundu, akamshika wa pembeni, naye akabeba. Mwingine akapiga kelele kwamba na wake pia, na katekista akaja mbio kupanga foleni upya, akiwashika watoto mabegani mmoja mmoja, kila alipogusa akaacha vidole vitano. Monsinyori akasikia vilio, akageuka kwa huruma, akawapokea waliomkimbilia. Kanzu nyeupe, jamani. Mimi kuona hivyo nikatoka ukutani mbio, nikachomoa kitambaa mfukoni, nikampigia magoti binti mdogo aliyekuwa analia, nikamfuta gauni kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nimemfuta mara nne kabla sijagundua kwamba kile cheupe kiko mfuko mwingine na hiki ni kile cha polishi.

“Tulieni!” Ilikuwa sauti ya baba. Alitoka kwenye gari, akasogea mbele, akawageukia watoto kuwatuliza, na kwa kufanya hivyo akawapa wazazi mgongo. Kuanzia mabegani mpaka makalioni, koti la maziwa lilikuwa jekundu. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na mwingine akasema yale niliyokuwa nayaogopa kuliko kicheko.

“Rangi inatoka! Kapaka maji huyo. Si tulisema ni muosha magari?”

Baba alivua koti taratibu, akaliangalia mgongoni, akalikunja. Akatoa leso yake mfukoni. Akaenda kwenye boneti, mbele ya watu wote, akaanza kusugua mahali pamoja, kwa nguvu, kama anasugua sufuria, leso ikawa nyekundu, akaigeuza upande, akasugua, akaigeuza tena, mpaka pembe ya mwisho ilipopita pale juu na kubaki nyeupe. Akainyanyua ile pembe. Chini yake damu ya mzee ilikuwa imetulia, haina doa.

“Rangi ipo,” akasema. “Haijatoka hata kidogo. Kilichotoka ni kitu kingine, na aliyekipaka atatuambia.”

Machozi yalinilenga. Alikuwa ameelewa, mzee yule asiyejua gari, alichonieleza Mzee Kartar nikajifanya nasikia.

Monsinyori akauliza, “Nani amelitengeneza gari hili?”

Nikanyoosha mkono, mwekundu. “Ni mimi, monsinyori. Rangi ni yangu. Juu yake nimepaka polishi ya sakafu.”

“Kopo langu!” Hiyo ilikuwa sauti ya mama, kutoka kwenye kwaya, alikoimba sauti ya kwanza. “Nimelitafuta toka jana!”

Monsinyori alijiangalia kanzu, akawaangalia watoto, tumbo likaanza kutikisika kwa kicheko. “Wanangu,” akasema, “rangi ya misa ya leo ni nyekundu, rangi ya Roho Mtakatifu. Mimi yangu nimeileta kwenye begi. Nyinyi naona mmeshaivaa.” Akaingia sakristia akicheka, na misa ikaimbwa, na watoto wakapakwa mafuta matakatifu wakiwa na madoadoa, na sijawahi kusali kwa bidii vile, nyuma kabisa, karibu na mlango.

Baada ya misa nilifua. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa wakati ule, masista wakanionea huruma wakanipa mche mmoja, nikapata na mafuta ya taa, nikakaa nyuma ya nyumba yetu na beseni na lundo la magauni, mashati, kanga na kanzu ya monsinyori. Watu walikuja kuchungulia mmoja mmoja, wakacheka, wakaenda. Nilisugua tu. Jumatatu nilijua itanibidi nimweleze Mzee Kartar (nilimweleza, akanyoosha mkono nimrudishie kopo lake dogo).

Toka siku ile sijakabidhi gari bila kulifuta kwa kitambaa cheupe mbele ya mwenyewe, na polishi ya sakafu nyumbani kwangu haiingii, mke wangu ameweka vigae. Mtu akiniletea kopo la polishi mpya siulizi inang'aaje. Nauliza inaacha nini kwenye kitambaa.

Lakini nilitaka kuwaambia jinsi siku ile ilivyokwisha. Jua lilikuwa linashuka, nimebakiza mashati mawili, nikaona viatu vya baba mbele ya beseni. Sikuinua uso. Akaniwekea koti lake la maziwa magotini, upande wa mgongo juu.

“Fundi,” akasema, “na hili je, litatoka?”